Paka wa Pori na Kuku za Bamama

Shively, 6/1/2026

Baba mupenzi,

Salamu nyingi katika jina la Yesu. Baridi ya Buffalo inawatendea namna gani? Magoti yanasema nini? Sisi huku tuko, Mungu anatushika mukono. Bagula bwana yangu anakusalimia, bado anafanya zamu ya usiku mu depo ya magodoro. Jolie ametimiza miaka ine. Nikimuongelesha Kiswahili ananijibu Kingereza, lakini nikisema "Koko Bisimwa" anajua ni babu yake, anaonyesha picha yako kwa ukuta.

Baba, ninakuandikia juu ya shida. Nilikuambia bamama kumi na mmoja wa kanisa tulipata pahali pa kufugia kuku. Ni kwa muzee mumoja muzungu, dakika makumi mbili kwa gari kutoka hapa, kule miti inaanzia. Bibi yake alikuwa anafuga pale, akakufa, muzee akachoka kuona pako patupu. Mimi njo nilienda kumuomba. Mimi njo nilikusanya bamama. Kama ungeona, Baba! Mama Chimène, ule hakuwa anasema na mutu tangu tutoke kambini, sasa anakuja kila Jumamosi anaimbia kuku zake nyimbo za ndoa. Mukutano wa kanisa hatujawahi kucheka vile tunacheka pale.

Bon. Tangu Noeli kuna nyama wa pori anatumaliza. Tulikuwa na kuku makumi ine na tatu, leo ni makumi tatu na saba. Si mbwa. Ni paka wa pori, mukubwa kushinda paka wa nyumba mara mbili, mukia mufupi kama mutu aliukata na panga, masikio ya ncha. Wenyewe wanamuita bobketi. Muzee alimuona na macho yake, na alituambia wazi: musimu wa kutega unafungwa siku ya mwisho ya mwezi wa pili. Kama mupaka siku ile kuku zetu zitakuwa bado zinaliwa, tutoe zote. Mbuzi zake zinazaa mwezi wa tatu, hataki paka azoee pale.

Nilienda darasa ya watu wanaoanza kutega, siku moja tu. Wanaume wenye ndevu mupaka hapa, na mimi na Jolie kwa magoti. Nilipata karatasi ya ruhusa. Muzee ameniazima mutego wa sanduku ya waya: nyama anaingia, anakanyaga ubao, mulango unaanguka. Lakini Kingereza chao kinakimbia, nilishika nusu. Nikajiuliza: Nzigire, unahangaika nini, na baba yako alikuwa mutegaji wa kujulikana Kabare nzima?

Tafazali nifundishe tangu mwanzo, kama vile unafundisha mutu asiyejua hata kamba. Simu huisikii tena, lakini mukono wako ni muzima.

Mutoto wako,
Nzigire

*

Buffalo, 13/1/2026

Nzigire binti yangu,

Amani ikae nyumbani mwako. Mimi ni mzima, magoti yanalalamika lakini yananibeba. Hapa North Buffalo theluji imefika dirishani.

Nimesoma barua yako mara tatu, ya tatu kwa sauti mbele ya kaka yako Zihindula, akaniwekea kidole mdomoni. Kumbe nilikuwa napiga kelele! Tangu mashine za kiwanda cha plastiki ziniue masikio, sijui tena sauti yangu inafika wapi.

Sasa shika kalamu. Mnyama wa pori anaishi kwa pua. Wewe unanuka mtu, sanduku linanuka chuma. Kwa hiyo:

Sanduku lifukizwe moshi wa kuni siku mbili, si saa mbili. Wewe mwenyewe usiguse sabuni siku tatu kabla ya kutega, wala mafuta ya kujipaka, wala yale manukato ya duka. Chambo ni samaki mkavu, wale wadogo wa ziwa letu wanaoitwa sambaza kama utapata, kwa sababu harufu yake inatembea mbali kuliko mguu. Weka wengi.

Na hili usilisahau, ndilo wengi wanaharibu: asubuhi ukienda kuangalia mtego, usisalimie mtu njiani. Hata akiwa askofu. Salamu inamwamsha mnyama. Baba yangu alipita mbele ya mama yake mzazi bila neno, na bibi alielewa.

Fanya hivyo, na wiki mbili hazitaisha.

Wasalimie bamama wote. Waambie Bisimwa yuko.

Baba yako

*

Shively, 24/1/2026

Baba mupenzi,

Nakusalimu na heshima yote. Natumaini barua hii inakukuta muzima, na theluji imeshuka kidogo. Sisi tuko wazima wa mwili. Wa roho, hapo uliza polepole.

Nilifanya yote, Baba. Nilifukiza sanduku siku mbili nyuma ya nyumba, jirani akaita wazima-moto. Walikuja na gari nyekundu, wakakuta mimi na kanga ya kazi ninapepea sanduku tupu. Walicheka kidogo, wakaenda. Sabuni sikugusa. Ile bibi muzee ninayemuhudumia kazini alifungua madirisha yote mu hii baridi, akaniuliza kama nyumba yangu iliungua.

Sambaza sikupata, nikachukua ndagala, samaki ndogo kama zile, kwa duka ya Reginaldi, ule Mrundi. Nilitia nyingi, kama ulivyosema. Asubuhi ya kwanza: nyama mwenye uso wa miwani nyeusi, mukono kama ya mutu, ameshiba, ananiangalia kama mimi njo nimechelewa. Nikamufungulia. Asubuhi ya pili: yeye tena. Bagula anasema sasa ana karatasi za kukaa pale. Asubuhi ya tatu ni ile nyama nyeusi ya mustari mweupe mugongoni, inayorusha harufu. Baba, sitaandika. Jolie alilia mu gari njia yote, "Mama stinky, Mama stinky." Kazini walinirudisha nyumbani.

Na ile ya kutosalimia! Sheria ya huku inasema mutego uangaliwe kila siku, kwa hiyo kila asubuhi ninapita mbele ya muzee. Anasimama kwa baraza na kikombe yake, "Good morning, Nzigire!" Na mimi ninapita na mudomo umefungwa kama mutu amemeza jiwe. Siku tano. Ya sita alimupigia Bagula simu kuuliza amenikosea nini. Bagula akamuambia ni dini. Sasa muzee hatoki tena kwa baraza, na mimi naona haya.

Kuku zimebaki makumi tatu na moja. Asubuhi tunakuta manyoya tu ndani ya uzio. Juzi ilikuwa ile jogoo ya Mama Chimène. Alikaa chini tu. Hakuimba.

Donc ninauliza kwa heshima. Ule madame wa darasa alitufundisha, na nilimupata tena kwa simu kuhakikisha: paka huyu hatafuti na pua sana. Anatafuta na macho. Eti mutu anafunga unyoya mumoja kwa uzi juu ya mutego, upepo unaucheza, paka anakuja kuona ni nini. Na ndagala inaita kila mutu isipokuwa yeye. Wewe unaona namna gani?

Mutoto wako,
Nzigire

*

Buffalo, 30/1/2026

Nzigire,

Nimepata barua yako. Salamu zimefika.

Unyoya! Mtoto wa Bisimwa anafunga unyoya kwenye uzi kama watoto wanaocheza. Huyo madame amelala porini mara ngapi? Alifundishwa na nani? Au na kitabu? Kitabu kilinasa nini?

Nilipokuwa na miaka kumi na tisa, mnyama aliyetoka msituni alimaliza mbuzi wa kijiji kizima, wazee wakaniita mimi. Si mwingine. Sikufunga unyoya. Kama umeshika yule mwenye miwani, maana yake harufu inafanya kazi, ila mkubwa bado hajafika. Mtegaji ni mtu wa kuvumilia. Ongeza samaki. Fukiza tena. Na mzee wa shamba akikasirika, atatulia siku akiona paka.

Jambo jingine. Zihindula amepata kazi Columbus, wanataka kuhamia huko katikati ya mwezi wa pili, na mimi ndani ya mizigo. Nimemwambia sitoki hapa mtego wa binti yangu ukiwa wazi. Barua zikipotea njiani nani atakuongoza? Afadhali nipande basi nije huko kwako Louisville mwenyewe. Wanasema baridi, wanasema masikio, wanasema nitashukia mji usio wangu. Wanaongea wakiangaliana, mimi wananitikisia kichwa kama mtoto.

Usisikilize watu wengi. Mimi nipo.

Baba yako

*

Shively, 5/2/2026

Baba mupenzi,

Salamu. Sisi wazima.

Paka amenaswa, kwa namna yako ulivyosema. Asante kwa Mungu. Sasa unaweza kwenda Columbus na moyo mutulivu.

Nzigire

*

Buffalo, 10/2/2026

Mama yangu, Nzigire mwana wa Bisimwa!

Leo nakuita mama, kwa sababu umenizaa upya. Mungu asifiwe, na asifiwe tena!

Barua ilifika Jumamosi. Jumapili, wakati wa shukrani, nilinyanyuka bila kuitwa. Mchungaji alikuwa katikati ya matangazo. Nilisema yote: kuku, bamama, moshi, samaki, na kwamba binti yangu mwenye mtoto mgongoni amemshinda mnyama ambaye wanaume wenye ndevu wanamsomea darasani. Watu walipiga makofi. Hayo naweza kuyaona. Mzee Gakunzi, yule wa milima ya juu ambaye siku zote hunicheka kwamba sisi Washi wa Kabare tunanasa panya tu, alikuja kunishika mkono kwa mikono miwili.

Sasa unajua desturi, hata kama hukuwahi kuiona. Mnyama wa kwanza wa mwanafunzi, ngozi yake inakwenda kwa mwalimu. Nyama, meno, yote yenu. Ngozi ni yangu. Ikaushwe na chumvi, usiikunje. Nimewaambia Gakunzi na wengine nitaileta waione kabla hatujaondoka, lakini Zihindula anaharakisha, tunahama tarehe 14. Basi itume Columbus, anwani iko nyuma ya karatasi hii, ni mtaa wa Clintonville. Gakunzi atatumiwa picha.

Na uniandikie yote! Mbona uliandika mistari miwili? Alikuwa dume? Alilia? Sanduku ulilitazamisha wapi? Mtu hanasi mnyama wa kwanza akaandika mistari miwili.

Baba yako mwenye furaha

*

Shively, 16/2/2026

Baba,

Ninakusalimia nikiwa na magoti chini. Natumaini mulifika Columbus salama, na nyumba mpya ina joto.

Baba, hakuna ngozi. Hakuna paka. Nilidanganya.

Zihindula alinitumia ujumbe, akasema huli, hulali, umefunga sanduku yako ya nguo unataka kupanda basi peke yako, na mu basi hutasikia wakiita jina la muji. Akasema, "Dada, muambie tu amenaswa, muzee atulie tuhame." Nilikataa siku mbili. Ya tatu niliandika. Nilifikiri ni uongo ya kutunza, kama tunavyomuambia Jolie sindano haiumi. Sikujua utasimama kanisani. Niliposoma ile ya Gakunzi nilienda kujifungia bafuni, nikalia mupaka Bagula akagonga mulango.

Simutupii Zihindula kosa yote. Mukono ulioandika ni wangu.

Nikuambie sasa yote bila kupunguza. Kuku ni makumi mbili na sita. Siku zimebaki kumi na mbili. Ndagala yako niliongeza, nikanasa paka wa jirani, muzima, mwenye kengele kwa shingo, na mwenyewe alinisemea maneno. Nimechoka na moshi. Bamama wawili wanataka kuchukua kuku zao, Mama Jovini amesema mbele ya wote, "Nzigire alituita kulisha paka." Alicheka akisema, lakini alisema. Uzio ni murefu kunishinda, hakuna tundu hata moja, nimeuzunguka mara ngapi, na kila siku mbili tatu kuna manyoya ndani. Kama ni pepo, aniambie.

Pahali pale tukipapoteza, tutarudi kila mutu mu nyumba yake na mulango wake. Hiyo njo inaniuma kuliko kuku.

Nisamehe kama utaweza. Ukinitukana ninastahili, lakini uniandikie.

Mutoto wako,
Nzigire

*

Columbus, 20/2/2026

Nzigire,

Tumefika. Nyumba ina joto.

Nilisoma barua yako nimesimama, nikaikunja, nikaiweka. Siku nzima sikumwangalia Zihindula. Jioni nilimwonyesha. Alianza kunitikisia kichwa, nikampa kalamu, nikamwambia, andika. Akaandika "Samahani Papa". Ni mara ya kwanza tangu mwaka jana kuniandikia kitu kisicho "chakula kiko ndani ya friji".

Mimi ni kiziwi, Nzigire. Si mgonjwa, si mtoto. Watu wote wa nyumba hii wananidanganya kwa sababu kweli ni ndefu kuiandika. Wewe ulikuwa unaiandika. Ndiyo sababu nilikaa dirishani kumngoja mtu wa posta. Ukinidanganya wewe, nibaki na nani? Na Gakunzi je? Nimemwacha Buffalo na uongo wangu mkononi.

Nimemaliza hayo. Sirudii.

Sasa nakuuliza jambo ambalo nilipaswa kuuliza mwezi wa kwanza, lakini nilikuwa na haraka ya kufundisha. Umeandika manyoya ndani ya uzio. Kuku wanafanya nini ndani ya uzio usiku? Wanalala wapi? Kwetu kuku wanalala ndani ya nyumba, chini ya kitanda cha watoto, mbuzi mlangoni. Barua zako zote nilizisoma nikiona kuku ndani ya nyumba, na paka anawavizia mchana. Sasa naona nyinyi bamama kumi na mmoja mmewaacha nje, chini ya mbingu, na uzio tu. Je, juu kuna nini? Kibanda chao kina mlango? Nadhani hakina, kwa sababu kwetu mlango wa kuku ni mlango wa mtu, hakuna aliyewahi kuutengeneza.

Paka anapanda, binti yangu. Uzio kwake ni ngazi.

Na hapo hata mimi ningetega miaka kumi bila kitu. Mtu aliyeketi mbele ya ugali na nyama, utamnasa kwa kipande cha mkate? Ondoa sahani kwanza. Funga kuku, juu na mbele. Akikuta meza imefungwa, ndipo ataangalia mtego.

Kuhusu unyoya, sina la kusema.

Baba yako

*

Shively, 2/3/2026

Baba mupenzi,

Salamu kutoka kwetu sote. Magoti yako yanaipenda Columbus? Jolie amechora kuku, iko mu bahasha hii. Ile ya miguu ine ni kuku pia, usiulize.

Barua yako ilifika tarehe 24. Niliisomea bamama pale pale shambani. Kisha Mama Jovini akapiga mikono, "Yoo! Kumbe tumelaza watoto inje!" Tulicheka mupaka wengine wakakaa chini. Ni kweli, Baba. Kibanda hakikuwa na mulango. Bibi ya muzee alikuwa nao, ulioza, na hakuna mumoja wetu aliyeona kwamba umekosa.

Siku ile ile nilienda kwa baraza. Nilimusalimia muzee mara tano, moja kwa kila asubuhi niliyomupita. Nilimuelezea kwa Kingereza changu kwamba ilikuwa sheria ya baba yangu kwa mutego. Aliwaza, akasema babu yake alikataza kupiga muluzi mu mashua wakienda kuvua samaki. Akaleta koleo yake na rola mbili za waya.

Tulijenga siku mbili. Bagula alitoka kazini bila kulala, akapanda juu. Mama Chimène alishika waya, akamuimbia Bagula ile wimbo ya ndoa, akimuita bibi harusi. Mulango una komeo mbili. Na mutego, Baba, niliufanya kwa namna ya madame: unyoya wa ule jogoo kwa uzi, na nyasi juu ya sanduku. Sikukuomba ruhusa. Ninakuambia tu, juu umetaka kweli.

Tarehe 26, hakuna kuku aliyepotea. Juu ya waya kulikuwa matope ya miguu, minne, alikaa pale. Tarehe 27, tena, na nyayo zikashuka, zikazunguka sanduku mara mbili. Nilimuita madame kwa simu, akasema usibadilishe kitu.

Tarehe 28, siku ya mwisho, nilifika. Mulango wa mutego ulikuwa chini. Nilikimbia, Jolie nyuma yangu anapiga kelele, "Kitty! Kitty!"

Sanduku lilikuwa tupu. Mulango ulianguka kwa mugongo wa paka, akajivuta, akarudi nyuma. Aliacha nywele mu waya, kijivu na nyekundu, za kujaa vidole viwili. Baba, nilipiga ile sanduku teke, kidole ya muguu bado imevimba. Miezi miwili! Moshi, ndagala, ile harufu, kazi nilikaribia kufukuzwa, na nywele za vidole viwili!

Muzee alikuja akanikuta nimekaa chini. Aliingia mu kibanda, akahesabu kuku kwa kidole. Makumi mbili na tatu. Akauliza, "Siku mulipofunga mulango zilikuwa ngapi?" Nikasema hizo hizo. Akahesabu tena, pole, kama mutu wa banki. Akachukua sanduku, akairudisha mu stoo yake, sababu musimu umefungwa. Akifunga stoo akasema bila kuniangalia: mwezi wa ine ataenda kununua vifaranga, sisi tunataka rangi gani?

Donc tunabaki. Paka pia anabaki. Jana kulikuwa tena matope juu ya waya.

Nywele sikutuma. Si ngozi, na sitaki mutu aseme ni ngozi.

Mutoto wako,
Nzigire

*

Columbus, 9/3/2026

Nzigire binti yangu,

Salamu kwako, kwa Bagula aliyejenga, na kwa kuku wa miguu minne, nimembandika ukutani. Magoti yanaipenda Columbus kuliko mimi ninavyoipenda.

Jana tulikwenda kanisa la Wakongo wa hapa. Wageni wanasimamishwa kujitambulisha. Zihindula alikuwa amekwisha kuwaambia, siku tulipofika, kabla ya barua yako, kwamba baba yake ni mwalimu wa binti aliyenasa paka wa pori. Habari ilishatoka Buffalo pia. Mchungaji akanionyesha kwa mkono, watu wakageuka, nyuso zote zinangoja.

Nikasimama. Nikasema, "Mimi ni Bisimwa wa Kabare. Binti yangu hajanasa paka. Mliosikia kwamba amenasa, mimi ndiye niliyesema, na haikuwa kweli. Paka yuko huko Louisville, anakaa juu ya waya kila usiku, na kuku ishirini na tatu wako chini yake, wanalala." Sijui nilisema kwa sauti gani. Naona ilikuwa kubwa, kwa sababu mtoto mmoja aliamka. Midomo yote ilifunguka, wanawake wakashika matumbo. Zihindula alikuwa anaangalia viatu vyake. Gakunzi nimemwandikia barua yake mwenyewe.

Baada ya ibada wanaume walinizunguka. Kumbe wanne wanafuga kuku hapa, na wote wamewaacha nje. Mmoja alinipokonya karatasi ya matangazo, akaandika nyuma yake: waya wa tundu gani? Mwingine: komeo moja au mbili? Niliwajibu yale ninayoyajua. Karatasi ilijaa pande zote mbili, mtu akaenda kwa mchungaji kuomba nyingine.

Swali moja lilinishinda. Mzee Zéphyrin wa Uvira anauliza, unyoya unafungwa juu kiasi gani kutoka chini, na upepo ukikosekana mtu anafanya nini? Nilimwambia mimi ni wa pua, hayo ya macho sijasoma, nitamuuliza mwalimu wangu.

Niandikie upesi, na uanzie mwanzo. Wananingoja Jumapili.

Baba yako